Pikapu ya dabo besi husikiliza mbao, sikio lako husikiliza hewa

Kwenye mazoezi ya taarab, ndani ya chumba, dabo besi haihitaji msaada wa mtu. Fidla zinalia, ganuni inajibu, akodiani inapumua, dumbak inakata, na lile zee la mbao pembeni linanguruma taratibu. Kila mtu analisikia, na aliyekaa karibu analihisi mpaka kwenye kiti. Usiku wa onyesho mambo hugeuka. Waya umechomekwa, fundi mitambo amepandisha sauti, na kinachotoka kwenye spika ni kama mpira wa baiskeli ulionyoshwa juu ya ndoo. Mpigaji anamtazama fundi mitambo, fundi mitambo anamtazama mpigaji. Likishamalizika onyesho, hukumu huwa moja: pikapu mbovu hiyo, nunua nyingine.

Pikapu ninayoisema si ile gari ya kubebea mchanga. Ni kile kidude kidogo kinachobandikwa au kupachikwa kwenye ala ili mtikisiko wake ugeuke umeme. Nimeona watu wakinunua nyingine, na mimi mwenyewe nilinunua nyingine. Sauti ilibadilika kweli, ila haikuwa sauti ya besi yangu. Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa naulizia jina la pikapu wakati nilipaswa kuuliza mambo mawili mengine: kidude hiki kinasikiliza mahali gani kwenye ala, na waya wake unaishia kwenye nini.

Tuanze na hilo la kusikiliza.

Unapoudonoa uzi wa dabo besi, uzi peke yake hautoi sauti ya kusikika mbali. Ni mwembamba mno kuisukuma hewa. Kazi yake ni kuliyumbisha daraja, kile kibao kilichosimama wima katikati ya ala kikiwa kimeinua nyuzi zote 4. Daraja lina miguu miwili, na miguu hiyo haifanyi kazi sawa. Chini ya mguu wa upande wa nyuzi nyembamba, ndani ya ala, kuna nguzo ndogo ya mbao iliyosimama kati ya kifua na mgongo. Nguzo hiyo inauzuia mguu huo usicheze sana. Mguu wa pili, upande wa nyuzi nene, uko huru zaidi, nao umekaa juu ya ubao mrefu uliogundishwa kwa ndani. Uzi ukivutwa ubavuni, daraja hujipinda kama mtu aliyeegemea mguu mmoja, na mguu ulio huru hukipampu kifua juu na chini. Kifua kinasukuma hewa ya nje, na hewa ya ndani inatoka na kuingia kupitia yale matundu mawili yenye umbo la herufi f. Mchanganyiko wa hayo yote, ukishafika hatua mbili tatu mbele ya ala, ndio tunaouita sauti ya dabo besi.

Pikapu haisikii hata kimoja kati ya hivyo vya mwisho. Yenyewe iko kwenye daraja, au chini ya mguu, au juu ya kifua. Inapokea habari zikiwa bado njiani.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Tunadhani pikapu inaipunguzia besi uzito wake. Mara nyingi inauzidisha. Uzi wa E ukiachwa wazi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Wimbi la sauti ya hezi 41 hewani lina urefu unaozidi mita 8. Ala yenyewe, kutoka kichwani hadi chini, haizidi sana kimo cha mtu. Kitu cha ukubwa huo hakiwezi kulirusha vizuri wimbi la urefu ule. Mwangwi wa hewa iliyo ndani ya besi huanza kuisaidia sauti karibu na hezi 60, na chini ya hapo ala inaishiwa nguvu haraka. Kwa hiyo unapoisikia E ya chini ukiwa ukumbini, kwa sehemu kubwa unasikia sauti zake za juu, zile za hezi 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo wako ndio unaoijaza ile ya chini kabisa. Daraja halina shida hiyo. Daraja linayumba mara 41 bila taabu, na pikapu iliyo juu yake inaripoti kila kitu kwa uaminifu. Uaminifu huo ukipelekwa kwenye spika kubwa unakupa besi ambayo haijawahi kuwepo: nzito, ya tope, inayoizamisha ganuni.

Kwa hiyo anayetafuta sauti ya asili mara nyingi inambidi akate besi ya chini, si aiongeze. Hili nililikataa kwa miaka. Nani anunue dabo besi halafu apunguze besi?

Mahali pa kuweka sikio

Wazo la kuipa ala hii umeme lina umri kuliko wengi wetu. Katika miaka ya 1940 mpiga besi wa Marekani aitwaye Everett Hull aliingiza kipaza sauti ndani ya dabo besi kwa kukipachika kwenye ule msumari wa chini unaogusa sakafu. Jina la kampuni yake, Ampeg, linatokana na msumari huo, kwa Kiingereza peg. Baadaye ikaja pizo, pikapu inayotumia fuwele. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walikuwa wameonyesha tangu mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Wapiga jazi wa miaka ya 1970 wakaipenda, kwa sababu hatimaye waliweza kusikika mbele ya ngoma na gitaa la umeme. Rekodi nyingi za kipindi hicho zina besi ya mlio mkali, wa pua, unaoburuzika, na wapo mpaka leo wanaoupenda hasa. Sauti ya asili si lazima iwe haja ya kila mtu. Lakini kama ndiyo haja yako, mahali pizo inapokaa ni jambo kubwa.

Pizo za mabawa ya daraja, yaani zile sehemu mbili zilizotokeza pembeni mwake, ndizo za zamani na rahisi kupachika. Pikapu ya Underwood huwa na vipande viwili vinavyobanwa kwenye mianya ya mabawa, kimoja kila upande. BP-100 ya kampuni ya Fishman nayo hung'ang'ania mabawa. Mahali hapo daraja linacheza sana, kwa hiyo kishindo cha kidole kinatoka wazi, noti zinatengana, na hata ukumbi wenye mwangwi mbaya hauzimezi. Kinachokosekana ni mbao. Mtikisiko haujafika kifuani, ndiyo maana unasikia uzi na kidole zaidi ya ala. Ukichukua upinde, hali huwa mbaya zaidi: mkwaruzo unatoka mkavu na wa pua, kama mtu anayeimba kaziba pua kwa vidole.

Ukishuka chini ya mguu wa daraja unakutana na pikapu ya Realist, aliyoitengeneza fundi wa New York, David Gage, pamoja na Ned Steinberger. Ni utepe mwembamba wa shaba unaolala kati ya mguu na kifua, kwa kawaida upande wa nyuzi nene, yaani ule mguu unaopampu. Mahali hapo tayari kifua kimeanza kujibu. Sauti ni nene, ya joto, na upinde unavumilika. Bei ya joto hilo ni tope. Kwenye jukwaa lenye kelele noti za chini hushikana, na ala huanza kuvuma yenyewe mapema kuliko ikiwa na pizo ya mabawa. Watu hugombana sana juu ya Realist, na mara nyingi mmoja anaipigia kwenye mkahawa wenye meza 10 na mwingine kwenye uwanja.

Kati ya hizo mbili kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo ningemshauri mtu mwenye fundi mzuri karibu. Madaraja mengi ya dabo besi yana magurudumu madogo kwenye miguu, ya kuinulia na kushushia nyuzi. Full Circle ya Fishman ni gurudumu kama hilo lenye pizo ndani, na LifeLine ya Realist ni mawazo yaleyale. Pizo inakaa katikati ya njia ya mtikisiko, chini ya mabawa lakini juu ya kifua, na matokeo yake ni ya kati pia: kidole kinasikika na mbao inasikika. Ukilizungusha gurudumu kidogo, mwelekeo wa pizo unabadilika na sauti inabadilika nao, kwa hiyo inabidi ujaribu. Tatizo ni kwamba kama daraja lako halina magurudumu, lazima likatwe miguu na kutobolewa. Kazi hiyo usimpe fundi wa makabati, hata akiwa ndugu yako. Kipimo kikikosewa kwa milimita chache, daraja linakaa upande, na hakuna pikapu itakayoliponya.

Za sumaku nizipitie haraka. Zinasoma uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, basi. Hazina habari na mbao, hivyo hazivumi ovyo, na jukwaa la kelele halizitishi. Lakini sauti yake inaelekea kwenye gitaa la besi, na ukiwa na nyuzi za utumbo hazisikii kitu kabisa. Schertler ya Uswisi ina aina nyingine, DYN-B, inayobandikwa kwenye kifua chenyewe kwa gundi laini. Ndani yake mna koili badala ya pizo. Kwa upinde ni tamu mno. Nayo, kwa kuwa inasikiliza kifua, inasikia pia chochote kinachokitikisa kifua, spika zikiwemo.

Na maiki? Maiki ndogo ya kubana kwenye ala, kama DPA 4099, ndiyo pekee kati ya vyote hivi inayosikia hewa kama sikio lako. Kama mko watu watatu na hakuna ngoma, acha kusoma hapa, nunua maiki. Lakini kwenye orkestra ya taarab, dumbak ikiwa mita moja kutoka kwako na spika za jukwaani zikikutazama, maiki hiyo inakusanya kila kitu, na fundi mitambo akiipandisha anapandisha kikundi kizima.

Waya unaishia kwenye nini

Sasa nifike kwenye lile ambalo, kwa maoni yangu, limezihukumu pikapu nyingi zisizo na hatia.

Pizo kwa fundi wa umeme ni kapasita, yaani kitu kinachohifadhi chaji kidogo ya umeme. Kapasita ikiunganishwa na kifaa chochote, kifaa hicho na kapasita hushirikiana kuunda kichujio kinachokata sauti za chini. Kinakata kuanzia wapi? Inategemea impidansi ya tundu unalochomeka, yaani ugumu ambao tundu hilo linauwekea umeme unaoingia. Impidansi ikiwa ndogo, umeme dhaifu wa pizo unavuja wote kabla haujafanya kazi, na zinazotangulia kufa ni sauti za chini.

Tuweke namba. Chukua pizo yenye kapasita ya nanofaradi 1. Ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la miksa, lenye impidansi ya kiloohm 10. Hesabu inasema ukataji unaanza karibu na hezi 15,900. Dabo besi nzima iko chini ya hapo! Kinachobaki ni vishindo vya vidole na mkwaruzo, na ndiyo ile ndoo ya mwanzo wa makala. Ichomeke pizo hiyohiyo kwenye amplifaya yenye megaohm 1, kama zilivyo nyingi za gitaa: sasa ukataji unaanza karibu na hezi 159. Ni nafuu, lakini E ya chini inafika ikiwa na karibu robo tu ya volti yake. Ichomeke kwenye kifaa chenye megaohm 10, mstari unashuka hadi hezi 16, chini ya noti zote za ala. Hapo ndipo unaisikia pikapu yenyewe kwa mara ya kwanza.

Si pizo zote ziko sawa. Nyingine zina kapasita kubwa zaidi na zinaridhika na megaohm 1, na karatasi inayokuja nazo kwa kawaida hutaja wanachotaka. Isome. Ila kiloohm 10 haimridhishi yeyote kati yao, na jukwaani ndicho kinachofanyika sana: fundi mitambo ana waya, miksa ina tundu, mambo yaende. Kisanduku cha DI cha kawaida, kinachokaa kati ya ala na miksa, kile kisichotumia umeme, nacho hakisaidii sana, kwa sababu kimetengenezwa kwa gitaa la besi la sumaku. Unachohitaji ni priampu, yaani kikuza sauti cha awali, au DI iliyotengenezwa kwa ajili ya pizo. PZ-DI ya Radial, kwa mfano, ina swichi inayokuruhusu kuchagua impidansi hadi megaohm 10. Ziko nyingine, baadhi za bei ya kutisha. Ukilazimika kuchagua kati ya pikapu ghali ukaichomeka kwenye miksa, na pikapu ya bei ya kati yenye priampu sahihi, chagua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Msomaji mwerevu atasema: umetuambia besi ya chini ikatwe, sasa unatuambia tutafute impidansi kubwa isiikate. Ni kweli. Tofauti iko mahali pa kukata. Ile pizo ya nanofaradi 1 kwenye megaohm 1 inaanza kupunguza kwenye hezi 159, katikati ya shamba, inang'oa mahindi na magugu. Kichujio cha kusudi, unachokishika mwenyewe kwa kitufe, kinaweza kuanza kwenye hezi 50 au 60, pale pale ambapo ala yako nayo ilikuwa inaanza kuchoka kwa asili yake. Wapo wapigaji wazoefu wanaopenda megaohm 1 kwa sababu inawapa wepesi, na siwabishii wakiwa wanajua wanachokifanya.

Kichujio hicho kina kazi ya pili, na kwenye jukwaa la wazi kama Ngome Kongwe ya Unguja huenda ndiyo ya kwanza. Kifua cha besi ni kama kiwambo cha ngoma. Spika ikikipulizia sauti, kinatikisika. Pikapu inausikia mtikisiko huo, inaupeleka kwenye spika, spika inapuliza tena. Ndani ya sekunde mbili una mvumo unaowafanya walio safu ya mbele wazibe masikio. Mvumo huo haupendi noti zote. Hutafuta zile ambazo mwili wa ala unaziitikia, na mara nyingi utaukuta karibu na uzi wa A ulio wazi, hezi 55, au jirani ya ule wa G, hezi 98. Kila kilicho chini ya hezi 50 unachokikata ni chakula unachomnyima mnyama huyo. Geuza swichi ya poleriti ya priampu yako, ile inayopindua wimbi la sauti juu chini, uone upande upi unatulia. Inua spika kutoka sakafuni. Jisogeze isikupige kifuani. Vipande vya sponji kwenye matundu ya f navyo husaidia, japo mzee aliyenifunza angeona nimeiziba pua besi yake asingenisemesha wiki nzima.

Wanaoweza kumudu vyote viwili huchanganya pikapu na maiki, na ikifanywa vizuri hakuna njia iliyo karibu zaidi na ukweli. Ikifanywa vibaya, vitu viwili vizuri vinazaa kimoja dhaifu. Sauti hufika kwenye pikapu kwa njia ya mbao na kwenye maiki kwa njia ya hewa, na sentimita 15 tu za hewa ni kuchelewa kwa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Zikikutana kwenye miksa, baadhi ya sauti zinasaidiana na nyingine zinakulana. Dawa ninayoitumia ni kugawana kazi. Maiki naikata chini ya hezi 200 hivi, ibaki na mbao, kidole na pumzi ya ala. Pikapu naiachia sehemu ya chini. Hapo zinagongana kidogo tu, maiki haivumi, na dumbak inaingia kwa kiasi kidogo. Kisha nabonyeza kitufe cha poleriti cha maiki mara mbili tatu huku mtu akipiga, na kukiacha kule sauti iliposikika imejaa zaidi.

Kwa mpigaji wa Unguja, Mombasa au Lamu niongeze la pwani: unyevu. Mbao za dabo besi huvimba masika na kusinyaa upepo ukiwa mkavu, daraja hupanda na kushuka, na pizo iliyobanwa sawasawa mwezi Januari inaweza kulegea au kubanwa kupita kiasi mwezi Mei. Pizo iliyolegea hupoteza sauti za chini, na noti moja husikika kubwa kuliko jirani yake. Chumvi ya bahari nayo hula jeki. Kabla ya kuilaumu pikapu kwa kukwaruza, futa jeki, badilisha waya, kisha bonyeza pizo kwa kidole uone kama sauti inarudi.

Kabla hujatoa pesa, fanya hivi jioni moja. Mpe mwenzako besi yako, simama hatua 4 au 5 mbele yake, umwambie apande kutoka E hadi A kwenye uzi mnene, taratibu. Sikiliza E ilivyo nyepesi ukilinganisha na A. Halafu azima kisanduku chenye megaohm 10, chomeka pikapu uliyonayo sasa, mwenzako arudie noti zilezile kwa sauti ya wastani kwenye spika, na wewe upunguze besi ya chini mpaka E ya spika iwe nyepesi kama ile uliyoisikia hewani. Ikiwa baada ya hapo ndoo bado ni ndoo, nenda dukani. Muuzaji mwambie kwanza kama nyuzi zako ni za chuma au za utumbo, kama daraja lina magurudumu, unatumia upinde au vidole tu, na nani anakaa karibu nawe jukwaani. Akikuonyesha pikapu kabla hajauliza hata moja kati ya hayo, tafuta duka jingine.